Meza Moja na Mkwe

Kwanza salamu zangu kwa yule dada wa Kasulu aliyenisumbua kwenye simu wiki nzima akiuliza, "Jovita, uliingia au uligeuza?" Dada, niliingia. Ningegeuza, kwenye ukurasa huu leo ungekuwa unasoma habari za mpira.

Wewe uliyechelewa, nakupa kwa kifupi. Mimi ni msusi, saluni yangu iko Rusimbi. Mchumba wangu wa kwanza, Bariki, alivuka ziwa kwenda Kongo wiki ile ile ya kufundwa kwangu, na mpaka leo hajarudi hata kuchukua soksi zake. Mtaa mzima ulinicheka. Wateja walikuwa wanakuja kusuka nywele ambazo hazijafumuka, wapate tu kuniangalia usoni.

Kisha akaja Nathaniel. Mhasibu, mwenyeji wa Urambo, amehamishiwa huku kikazi. Mpole, anapiga pasi mashati yake mwenyewe, na akicheka anaziba mdomo. Nilimpenda, sitaki kujificha. Posa ikapokelewa, mahari ikakubaliwa. Kilichobaki kilikuwa wazazi wa pande mbili kukaa pamoja, kula, na kupanga tarehe ya ndoa.

Hapo ndipo dada yake mkubwa, Asnath, anayeishi Dar, alipotuma amri kwamba chakula hicho kitaliwa Joka la Ziwa na si kwingine.

Unaijua Joka la Ziwa? Ule mgahawa mpya wa ghorofa upande wa Bangwe. Chini wanachoma bata na nguruwe kwa mtindo wa Kikantoni, bata wamening'inizwa nyuma ya kioo, wekundu, wanang'aa asali. Juu ni mambo ya Kijapani ya kisasa, samaki mbichi juu ya wali wa siki, na sahani za mawe. Siku walipofungua, watu wa Ujiji walipanda mpaka huko kupiga picha mlangoni na kurudi nyumbani kula ugali.

Mama yangu, Eufrasia, mkulima wa Mwandiga, alitoa sharti moja tu. Kwetu sisi Waha, mama mkwe hali mbele ya mkwe wake. Atampikia, atamwombea, atamsalimia kwa adabu, lakini mkwe haoni mdomo wa mama ukitafuna. Ni heshima ambayo mama anampa kijana, na kijana anampa mama. Basi mama akamwambia Nathaniel, "Nitakuja mwanangu, ila meza ziwe mbili na kati yake kuwe na kizuizi."

Nathaniel alimjibu mbele yangu, mkono kifuani: "Mama, nimekuelewa. Meza mbili."

Wiki iliyopita niliwaacha pale mlangoni, Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mama amesimama ghafla na kunishika kiwiko.

Meza ilikuwa moja.

Ilikuwa ya duara, kubwa kama uwanja wa kuanikia dagaa, na juu yake kioo cha kuzunguka. Unaweka chakula juu ya kioo, unakisukuma, chakula kinamfuata kila mtu alipo. Hakuna kona, hakuna kizuizi. Aliyebuni meza ile hakuwa na mama mkwe.

"Jovita," mama akaninong'oneza, "meza ya pili iko wapi?"

"Labda wanaileta, mama."

Haikuwa inaletwa. Asnath alishainuka, mikono wazi, gauni la kijani, manukato yamemtangulia.

"Mama, shikamoo! Karibu, karibu! Kaa hapa, mkabala na mkwe wako, muonane vizuri!"

"Marahaba," mama akasema. Akabaki amesimama.

Waliokuwepo upande wao walikuwa wanne. Nathaniel. Asnath. Mume wa Asnath, Japhet, mtu mnene mwenye furaha na simu isiyoshuka mkononi. Na mama yao, Mama Yunisi, mzee wa Urambo, kitambaa cheupe kichwani, kimya kama aliyesahauliwa pale. Upande wetu tulikuwa mimi, mama, na baba yangu mdogo Jeremia, aliyesimamia posa yangu tangu baba alipofariki.

Nilimvuta Nathaniel mpaka kwenye kioo cha bata.

"Meza mbili ziko wapi?"

"Dada alipiga simu akabadilisha. Anasema meza mbili zinaonekana kama msiba."

"Ulijua lini?"

"Asubuhi."

"Ukanyamaza?"

Akaangalia bata. "Jovi, baba alipofariki Asnath ndiye aliyetulea. Siwezi kumwambia hapana. Ni mara moja tu. Mama asipojisikia kula, si basi? Akae tu tumalize."

"Akae tu. Mama yangu aangalie watu wakila."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ulivyosema."

Moyo uliniuma, na hasira ikapanda juu ya maumivu. Nilimwita mhudumu nikaomba meza nyingine. Akasema zimejaa zote, Jumapili watu wanaweka nafasi mapema. Nikaomba hata kiti kule kwenye baraza. Baraza limepakwa rangi, halijakauka.

Niliporudi mezani nikakuta mama amejitatulia mwenyewe. Amechukua kiti chake, amekigeuza, ameipa meza mgongo na ziwa uso. Khanga ameivuta mpaka kwenye paji. Akakaa hapo, mikono mapajani, anaangalia boti za Kibirizi ng'ambo ya ghuba, mtulivu kabisa.

Kwa mtu wa kwetu, jambo lilikuwa limekwisha hapo. Mama amekuja, ameheshimu mwaliko, amemheshimu mkwe. Endeleeni kula.

Asnath akacheka. "Mh! Mama amenuna?"

"Hajanuna wifi," nikasema. "Ni mila. Nathaniel anaijua."

"Mila za shamba tungeziacha getini, wifi. Hapa ni mjini na tunakula vya kimataifa."

Nilifungua mdomo. Baba mdogo akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino.

"Vumilia," akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha milimani. "Wa kwanza alikimbia. Wa pili naye akiondoka, watasema una mkosi. Nani atakuja kuposa tena? Kula, cheka, tupange tarehe, twende nyumbani."

Nikafunga mdomo. Niliitaka ndoa ile, ndugu zangu. Niliitaka mpaka nikaona aibu.

Chakula kikaja, na Asnath akawa mwalimu wa wote.

"Huyu ni bata wa Kikantoni. Anapakwa asali na viungo, anaanikwa kwenye upepo, ndipo anaingia kwenye tanuri. Nimemla Dar mara nyingi. Huyu ni nguruwe, sikilizeni ngozi yake." Akaigonga kwa uma. Ngozi ikalia ko, ko, ko, ikavunjika kama kaukau. "Hii si kitimoto ya kijiweni."

Sitamsingizia yule bata. Alikuwa mtamu. Ngozi ilipasuka mdomoni, mafuta yakashuka polepole, na chini yake nyama laini yenye utamu wa asali na chumvi kwa pamoja. Nilitafuna huku namwangalia mama mgongoni, na utamu wote ukanigeukia shubiri. Harufu ilikuwa inampita puani. Mama hakuwa amekula tangu usiku wa jana, maana alikuwa anajiandaa kwa meza yake ya pili.

Baba mdogo alivichunguza vile vijiti vya kulia, akaona havimfai kwa kubana, akavitumia kuchoma nyama kama mshikaki. Vipande vinne kwa mpigo. Japhet akacheka mpaka akapaliwa, akamrekodi.

"Mzee, hivyo sivyo!"

"Zimefika tumboni au hazijafika?" akamuuliza baba mdogo.

Kisha kikashuka chakula cha juu. Sahani nyeusi ya jiwe, na juu yake vipande vya kuhe, kuhe wetu huyu huyu wa Tanganyika, mgongo umebabuliwa kwa moto kidogo tu na ndani mbichi, kila kipande kimelala juu ya tonge la wali na kudondoshewa tone la mawese.

"Mana yanje, Mungu wangu," baba mdogo akasema taratibu. "Mwambieni mpishi huyu amemtoa mapema."

Asnath akapiga makofi. "Ndivyo anavyoliwa! Wajapani hawamuui samaki mara mbili." Akausukuma ule mzunguko wa kioo kwa kidole, sahani ikatembea, ikapita kwangu, ikapita kwa baba mdogo, ikasimama nyuma ya kisogo cha mama. "Mama! Geuka uonje samaki wenu!"

"Asante mwanangu," mama akajibu, anaangalia ziwa. "Nyie kuleni. Mimi nimeshiba kuwaona."

"Hajatuona hata mmoja, atashibaje?" Asnath akatucheka sote. "Au mama anaogopa samaki mbichi? Sema tu, mama, siyo dhambi. Watu wa vijijini wengi wanaogopa."

"Wifi, muache," nikasema.

"Simuachi. Leo tunakuwa ndugu. Nathan! Mlishe mama mkwe wako. Kule Dar ndivyo wanavyofanya, mkwe anamlisha mama keki, watu wanapiga vigelegele. Japhet, rekodi."

Nilimwangalia Nathaniel. Nilimwambia kwa macho, usithubutu. Najua aliniona, kwa sababu aliziba mdomo kwa mkono kama anavyofanya akicheka, ila hakuwa anacheka.

Akainuka.

Akachukua kipande cha kuhe kwa vijiti. Akazunguka meza, akamfikia mama kwa mbele, akainama, wali unameguka. Akakielekeza kile kipande mdomoni mwa mama yangu.

"Mama, kidogo tu," akasema. "Dada afurahi."

Msomaji, kama wewe si wa kwetu utasema kipande cha samaki ni kitu gani. Mama yangu mimi aliolewa, akazaa, akazika mume, akalima michikichi, na miaka yote hiyo hakuna mkwe wa ukoo wetu aliyewahi kumwona akifungua mdomo kula. Hilo ndilo lililokuwa vazi lake. Na sasa mkwe wake alikuwa anamvua mbele ya simu.

Mama hakupiga kelele. Alivuta khanga ikamfunika uso wote, na chini ya khanga nikasikia sauti ndogo: "Oya, mwana wanje. Oya."

Mtoto wangu, hapana. Hata hapo alimwita mtoto wake.

Basi nikainuka. Baba mdogo alitaka kunikanyaga tena, safari hii akakanyaga sakafu.

Nilikichukua kile kipande kwa mkono wangu kutoka kwenye vijiti vya Nathaniel. Nikakitia mdomoni kwangu, nikatafuna taratibu mbele ya simu ya Japhet, nikameza.

"Kitamu," nikasema. "Haogopi samaki mtu hapa. Shemeji, hiyo umeirekodi? Sasa rekodi na hii. Huyu ni mama yangu. Hatafunguliwa mdomo na mtu, si Dar, si Urambo, si Japani. Anayetaka undugu na mimi aanze kwa kukaa chini."

Kule kwenye kioo cha bata, mpishi mmoja akaweka panga lake chini.

Akaja mpaka mezani huku anafuta mikono kwenye aproni. Mtu mrefu, jina lake Pastory limeshonwa kifuani. Akaangalia kiti kilichogeuka, akaangalia khanga, akamwangalia Nathaniel aliyesimama na vijiti vitupu.

"Mama mkwe?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Na huyo ndiye mkwe?"

"Ndiye."

Akasonya. "Mimi mama yangu ni wa Kalinzi, Muha kama huyu. Mleteni mama nyuma kwangu. Jikoni mkwe haingii."

Nikamshika mama mkono. Tukapita kati ya meza za watu, mama bado amefunikwa, mimi kichwa juu.

Mlango wa jikoni pale hauna ubao. Una pazia fupi la buluu la Kijapani, limepasuliwa katikati, linaishia kiunoni. Pastory alimpa mama kiti kifupi nyuma ya tanuri, pembeni, mahali ambapo mtu akiwa nje haoni kitu. Akamwekea nusu bata, wali, na kwa ruhusa yangu, vipande viwili vya yule kuhe.

Mama akashusha khanga. Akanawa. Akaangalia pande zote, kisha akashika paja la bata kwa mikono miwili.

"Jovita!" akasema, mafuta kidevuni. "Kumbe wana chakula kizuri hivi!"

Nilicheka na machozi yakatoka hapo hapo. Alikula kama mtu aliyetoka shamba. Akavunja mfupa, akanyonya. Akachukua kile kipande cha kuhe, akakinusa, akakitupia mdomoni.

"Kinateleza," akasema. "Lakini kinajua njia."

"Hukuogopa?"

"Niogope kuhe? Mimi?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, ningekula sahani nzima na lile jiwe lake. Nilichokosa ni mahali."

Nikamwacha anakula, nikarudi mezani. Nilitaka koti langu na mkoba wa mama, na nilitaka neno moja kutoka kwa Nathaniel. Moja tu. Samahani ingetosha.

Nathaniel alikuwa amekaa. Asnath ndiye aliyekuwa amesimama.

"Umetuaibisha," akanianza. "Watu wote wametuona. Nathan, mwambie."

Nathaniel akanigeukia. "Jovi. Mrudishe mama mezani. Si lazima ale. Ageuke tu, tupige picha moja ya familia, dada aitume kwa ndugu. Halafu tunapanga tarehe. Basi, yameisha."

"Na nisipomrudisha?"

Akamwangalia dada yake. Sikusubiri amalize kumwangalia.

"Asipomrudisha," Asnath akajibu kwa niaba yake, "tarehe haipangwi leo. Na sijui kama itapangwa. Mdogo wangu haoi nyumba inayotugeuzia kisogo."

"Jovita," baba mdogo akaomba, kijiti chenye nyama kimemsimama hewani. "Mwanangu, picha moja tu."

Nilifikiria Rusimbi. Nilifikiria viti vya saluni vimejaa wanawake wasiosuka. Nilifikiria tena kitanda changu kile kimoja, na mvua ya masika kwenye bati, na mimi peke yangu. Nadhani niliogopa kuliko siku Bariki alipoondoka, maana Bariki aliniacha yeye, na huyu nilikuwa namwacha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa bado nampenda.

Nikavua pete.

Sikumrushia. Niliiweka taratibu juu ya kile kioo cha kuzunguka, kati ya mifupa ya bata na lile jiwe jeusi.

"Kwenye meza yako hivi ndivyo kitu kinavyomfikia mwenyewe, wifi," nikamwambia Asnath. "Haya."

Nikakisukuma.

Pete ikatembea. Ikampita baba mdogo, akafumba macho. Ikampita Japhet, ambaye kwa mara ya kwanza alikuwa ameshusha simu. Ikafika kwa Nathaniel. Alinyoosha mkono, akasita, kioo hakikumsubiri. Ikampita Asnath.

Kisha kidole kimoja kilichokunjamana kikatua juu ya kioo, na kioo kikasimama.

Alikuwa Mama Yunisi. Sikuwa nimesikia sauti yake tangu tulipofika. Na hapo ndipo nilipoiona sahani yake. Ilikuwa kavu. Vijiti vyake vilikuwa bado ndani ya karatasi, kitambaa cha mezani kimekunjwa vile vile walivyokikunja wahudumu.

Akaichukua pete. Akaifunga kwenye pindo la khanga yake, mafundo mawili. Akainuka.

"Bata yuko wapi?" akauliza.

"Mama, bata si huyu hapa!" Asnath akamsogezea.

"Si huyo. Yule anayeliwa na mama mwenzangu."

"Mama, kaa chini. Wewe si mtu wa mambo hayo."

Mama Yunisi akamgeukia binti yake. Hakupandisha sauti.

"Asnath. Umeolewa na huyu Japhet, Mungu ambariki, watoto wamekua. Umewahi kuniona nikila mbele yake?"

Asnath akamwangalia Japhet.

"Nikija kwenu Dar nakula chumbani. Unawaambia wageni mama anaumwa tumbo. Miaka yote nimeumwa tumbo." Akashika kiti apate kupita. "Leo umeniweka mezani na mkwe wangu, ukamweka na mwenzangu mezani na mkwe wake. Yeye amekuwa na ujasiri wa kugeuza kiti. Mimi nimekaa hapa nina njaa, nakuonea aibu."

Japhet akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka. "Mama, mimi... sikujua. Nilidhani hupendi chakula chetu."

"Najua hukujua, baba. Hukuambiwa." Kisha akamtazama mwanawe wa kiume. Alimtazama kwa muda mrefu zaidi. "Wewe uliambiwa."

Nathaniel akainamisha kichwa.

"Jovita," mama yule akaniita. "Nipeleke."

Nilimpeleka. Mama yangu alipoona pazia linasukumwa alifunika mdomo kwa khanga, akaona kitambaa cheupe, akaona ni mwanamke, akashusha.

"Karibu mwenzangu," akasema, anasogeza kiti. "Njoo huku nyuma ya moto. Huyu bata usipomuwahi, mimi nammaliza."

"Nipe mgongo wake," Mama Yunisi akajibu. "Meno yenyewe ndiyo haya."

Pastory akaongeza wali bila kuulizwa. Wazee wale wawili wakakaa magoti yanagusana, wakala. Hawakuzungumza habari za ndoa wala tarehe. Walizungumza habari za chumvi. Mama akampa kipande cha kuhe, Mama Yunisi akakunja uso, akameza, akaomba kingine.

Mimi nilisimama kidoleni hamna pete, sijui kama nimeachwa, nimeacha, au vipi.

"Mama," nikamwambia Mama Yunisi. "Nisamehe. Pete ile niliirudisha kwa mwenyewe."

"Nimeiona ikimpita." Alifuta vidole. Aligusa lile fundo la khanga. "Mwanangu akimheshimu mama yako, nitaifungua mwenyewe. Asipomheshimu, narudi nayo Urambo, na hutanisikia nikikuomba. Usimwite. Usimwambie la kufanya. Tumwone."

Hakuwa amefunga mdomo tukasikia hatua.

Kwa kuwa lile pazia linaishia kiunoni, tuliona miguu tu. Suruali ya kijivu, mstari wa pasi umenyooka. Viatu vyeusi. Ninavijua viatu vile, nimevipaka rangi kwa mikono yangu.

Vikasimama. Ncha zimetuelekea sisi.

Nyuma yake ikaja sauti ya Asnath, kali na yenye machozi: "Ingia, Nathan! Ingia ukamtoe mama humo! Wewe ni mwanaume au nani?"

Viatu havikusogea. Pastory akainua panga lake kutoka kwenye ubao, akaliweka tena, kwa vile si jambo la panga.

Kama ni mkwe wa kweli, angegeuka. Ingetosha visigino vituelekee sisi, aseme alilonalo kwa mgongo, kama mtu wa kwetu. Lakini angepiga hatua moja mbele, angemkuta mama yangu na paja la bata mdomoni, na hapo kati yetu kungekuwa hakuna kitu cha kurekebisha tena.

Vidole vinne vikatokea kwenye upande wa pazia, vikalishika kitambaa.

Mama akaviona. Mkono wake ukaanza kuitafuta khanga, haraka haraka, kwa woga ambao sijawahi kuuona kwake. Nikafika mbele yake kabla hajaipata. Nikalipa pazia mgongo, nikatanua mikono na vitenge vyangu vya Jumapili mpaka nikawaziba wote wawili.

"Usijifunike, mama," nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Wewe kula."

Mama alinitazama. Nyuma yangu nikasikia pete za pazia zikikwaruza kwenye chuma; analifunga au analifungua, sikugeuka kuona.

Mama akang'ata bata.